John Walter Gregory na Jina la Bonde la Ufa

Utangulizi

Ufa ni neno ambalo kila mzungumzaji wa Kiswahili hulijua tangu utotoni. Wahenga walionya kwamba asiyeziba ufa hana budi kujenga ukuta, na onyo hilo limetumiwa barazani, darasani na bungeni kwa miaka mingi. Hata hivyo, kuna ufa mmoja ambao hakuna fundi awezaye kuuziba. Ufa huo umepasua ardhi ya Afrika Mashariki kutoka kaskazini hadi kusini, na ndani yake wanaishi mamilioni ya watu. Mkaazi wa Nakuru huamka kila siku akiwa ndani yake. Nyuma ya jiji lake imelala Menengai, volkano ambayo kilele chake kilididimia kikaacha shimo lenye upana wa kilomita 12 hivi. Mbele yake kuna ziwa la magadi lisilo na mto wa kutokea. Upande wa magharibi umesimama ukuta wa Mau, na upande wa mashariki, mbali kidogo, safu ya Nyandarua.

Wakenya hulitaja Bonde la Ufa bila kujiuliza jina hilo lilitoka wapi. Lilibebwa na mkoa mzima hadi serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 1993 ukiwa umepita kwa miongo miwili, yaani mwaka 2013, na bado limo katika vitabu vya shule, katika nyimbo na katika hotuba za wanasiasa. Kiswahili kililipata jina hilo kwa njia ya tafsiri. Aliyelieneza ulimwenguni katika lugha ya Kiingereza ni mwanajiolojia John Walter Gregory, ambaye alipita Naivasha, Elementeita na Baringo kwa miguu mwaka 1893. Makala haya yanasimulia maisha yake na kazi yake. Aidha, yanadhamiria kuonyesha kwamba msomi huyu aliyasoma mawe ya bonde hili kwa usahihi wa kustaajabisha, ilhali hakuweza kuwasoma binadamu wake kwa usahihi huohuo.

Kuzaliwa, Makuzi na Elimu

Gregory alizaliwa tarehe 27 Januari 1864 huko Bow, mashariki mwa jiji la London. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa sufu. Kijana huyu hakupata bahati ya kuendelea na masomo moja kwa moja. Alipotimiza umri wa miaka 15 aliacha shule, akaajiriwa kuwa karani katika biashara hiyohiyo ya sufu. Kwa wengi wa rika lake, safari ya elimu ingeishia hapo.

Lakini Gregory hakukata tamaa. Baada ya kazi za mchana alihudhuria madarasa ya jioni katika taasisi ya Birkbeck, iliyokuwa imeanzishwa kwa ajili ya watu wa kazi. Huko ndiko alikoipenda jiolojia. Mwaka 1887 alipata kazi katika idara ya jiolojia ya jumba la makumbusho ya viumbe asilia jijini London, akawa anapanga na kuchunguza visukuku vya viumbe wa baharini. Mwaka 1891 alihitimu shahada yake ya kwanza katika Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1893 akatunukiwa shahada ya udaktari wa sayansi. Ikumbukwe kwamba alikuwa akisoma na kufanya kazi kwa wakati mmoja. Hali hiyo si ngeni kwa wanafunzi wengi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki ambao hufundisha mchana na kusoma jioni.

Swali Lililomleta Afrika

Kabla ya Gregory, wasafiri kadhaa wa Ulaya walikuwa wamelipita bonde hili. Mwaka 1883 Mjerumani Gustav Fischer alifika Naivasha, na mwaka huohuo Mskoti Joseph Thomson alipita hapo akaendelea hadi Baringo. Miaka ya 1887 na 1888 Samuel Teleki na mwenzake Ludwig von Höhnel walisafiri kaskazini hadi ziwa ambalo leo huitwa Turkana, nao wakalipa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf. Wasafiri hao walichora ramani na kuchukua vipande vya miamba.

Taarifa zao zilimfikia Eduard Suess, mwanajiolojia mashuhuri wa Vienna. Mwaka 1891 Suess alichapisha maoni kwamba mabonde na maziwa hayo hayakuwa mambo yaliyotengana. Aliyaona kuwa sehemu za mpasuko mmoja mrefu uendao kaskazini hadi Bahari ya Shamu na nchi za Mashariki ya Kati. Suess aliyafikia maoni hayo akiwa mezani pake, kwa kutegemea maandishi ya watu ambao hawakuwa wanajiolojia. Nadharia ilikuwapo, basi, lakini hapakuwa na mtu wa fani hiyo aliyekwenda kuipima katika ardhi yenyewe. Pengo hilo ndilo alilotaka kuliziba Gregory.

Safari ya Mwaka 1893

Mwishoni mwa mwaka 1892 Gregory alifika pwani ya Afrika Mashariki akiwa mmoja wa washiriki wa msafara mkubwa uliokusudia kwenda Ziwa Rudolf. Msafara huo ulisambaratika kabla ya kufika mbali. Gregory, ambaye afya yake ilikuwa imedhoofika kwa maradhi, angeweza kurudi kwao bila lawama. Badala yake aliamua kuunda msafara wake mwenyewe mjini Mombasa. Hakuwa na fedha nyingi wala askari wengi. Alikuwa na wapagazi wapatao 40 tu, idadi iliyoonekana ndogo mno kwa safari za zama hizo.

Jambo hili linafaa kutiliwa mkazo na kila mpenzi wa Kiswahili. Lugha ya misafara ya bara ilikuwa Kiswahili. Wapagazi wengi walikuwa watu wa pwani na visiwani, wazoefu wa njia, waliojua wapi maji hupatikana, chakula hununuliwa kwa nani na kwa kitambaa kipi, na mwenyeji wa mahali fulani husalimiwa vipi. Gregory alilazimika kujifunza kiasi cha lugha yao ili aweze kuwaongoza, au kwa kweli zaidi, ili aweze kuongozwa nao. Kila kipande cha jiwe alichokivunja kilibebwa kichwani au begani mwa mtu hadi baharini. Elimu iliyopatikana mwaka huo ilitokana na akili ya mmoja na miguu ya wengi.

Msafara ulipitia Ukambani na Kikuyu, ukateremka kwenye ukingo wa bonde, ukapita Longonot na Naivasha, kisha ukashika njia ya kaskazini kupitia nchi ya Elementeita na Nakuru hadi Baringo. Kutoka huko uligeukia mashariki kupitia Laikipia, ukaelekea Mlima Kenya, na hatimaye ukarejea Mombasa katika mwaka uleule. Gregory alikuwa na umri wa miaka 29.

Ushahidi wa Mawe

Gregory aliona nini ambacho wengine hawakukiona? Bonde la kawaida huchongwa na mto. Mto huanzia juu, hushuka chini, hupindapinda, na kila unapopita huacha bonde linaloinama kuelekea upande mmoja. Bonde alilokuwamo Gregory halikufuata kanuni hiyo. Kuta zake zimenyooka na kukabiliana kwa masafa marefu. Sakafu yake hupanda na kushuka: Ziwa Naivasha liko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,890 kutoka usawa wa bahari, Ziwa Nakuru takribani mita 1,760, na Ziwa Baringo karibu mita 1,000. Kusini mwa Naivasha nako ardhi huteremka tena kuelekea Magadi. Hakuna mto unaoweza kuchonga bonde ambalo katikati yake ndiko juu na ncha zake mbili ndiko chini. Isitoshe, maziwa ya Nakuru, Elementeita na Baringo hayana mito inayotoka kwenda baharini.

Alipozichunguza kuta zenyewe, Gregory aligundua kwamba zimekatika kama ngazi. Kila ngazi ni kipande cha nchi kilichotengana na jirani yake kisha kikateremka. Tabaka za miamba zilizokuwa zimeungana zamani sasa zilionekana katika vina tofauti, nyingine juu ya ukingo na nyingine chini sana. Hitimisho lake lilikuwa kwamba ardhi ya bonde haikuchongwa bali ilididimia. Ganda la dunia lilivutwa pande mbili, likakatika kwa mistari inayokwenda sambamba, na sehemu ya katikati ikashuka.

Msomaji asiye mwanajiolojia anaweza kulielewa jambo hili kwa kuifikiria rafu ya vitabu vilivyobanana. Mtu akivisukuma vitabu vya pembeni kushoto na kulia, cha katikati hupoteza kinachokishikilia, nacho huteleza chini baina ya wenzake. Bonde la namna hiyo ndilo Gregory aliloliita bonde la ufa. Mwaka 1896 alichapisha kitabu chake, The Great Rift Valley, na tangu hapo jina hilo likashika. Wanajiolojia wenzake walimlipa heshima yake: tawi la mashariki la mpasuko huu, lile linalopitia Nakuru, huitwa Ufa wa Gregory katika maandishi ya kitaalamu.

Hata hivyo, ni vyema kutofautisha jina na kitu. Maziwa na milima hiyo ilikuwa na majina kabla ya Gregory kuzaliwa. Naivasha na Elementeita ni majina yaliyotokana na lugha ya Wamaasai, waliochunga mifugo yao hapo kwa vizazi. Wenyeji walijua chemchemi zipi hutoa maji ya moto na malisho yapi yana chumvi. Gregory hakuligundua bonde. Alichokifanya ni kueleza jinsi lilivyotokea na kuviunganisha vipande vyake vyote chini ya jina moja.

Barafu Juu ya Mlima Kenya

Sehemu ya pili ya safari ilimpeleka Mlima Kenya. Huko alipanda hadi kwenye barafu ya kudumu, akathibitisha kwamba mlima huo ni mabaki ya volkano kuukuu iliyomomonyoka. Vilevile aliona dalili kwamba zamani barafu yake ilishuka chini mno kuliko ilivyokuwa wakati wake. Mto mkubwa wa barafu aliuita Lewis, kwa heshima ya mwanajiolojia wa Marekani, Henry Carvill Lewis. Leo mto huo umebaki kipande kidogo sana kutokana na kuongezeka kwa joto duniani.

Katika kusimulia safari hiyo, Gregory anaeleza jinsi wapagazi wake wa pwani walivyoamka wakakuta maji katika vyungu vyao yameganda, wakaamini yamerogwa. Yeye alilisimulia tukio hilo kama kichekesho. Lakini ukilitazama kwa upande wa pili, hawa walikuwa watu waliozaliwa katika joto la Bahari ya Hindi, ambao hawakuwa wamepata kuona barafu. Walikuwa wamevaa nguo za pwani na kulala katika baridi kali, nao bado walimfikisha bwana wao alikotaka kufika. Majina ya wanasayansi wa Ulaya na Marekani yalibaki mlimani, lakini hayakubaki majina ya waliobeba mizigo.

Kutoka Melbourne hadi Glasgow

Safari ya mwaka 1893 ilimfanya Gregory kuwa mtu mashuhuri. Mwaka 1896 alivuka kisiwa cha Spitsbergen, karibu na ncha ya kaskazini, pamoja na Martin Conway. Mwaka 1900 alianza kazi ya uprofesa wa jiolojia katika Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia. Wakati huohuo alichaguliwa kuongoza kazi ya kisayansi ya msafara wa Uingereza uliokuwa ukiandaliwa kwenda ncha ya kusini. Alitaka wanasayansi ndio wawe na kauli ya mwisho, ilhali waandalizi waliamua kwamba mamlaka yawe mikononi mwa afisa wa jeshi la majini, Robert Falcon Scott. Mwaka 1901 Gregory alijiuzulu. Mwaka huohuo alikubaliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima kubwa kwa mtu aliyewahi kuwa karani wa sufu.

Nchini Australia aliwaongoza wanafunzi wake hadi Ziwa Eyre, katikati ya jangwa. Kitabu alichokiandika kuhusu safari hiyo, kilichotoka mwaka 1906, kiliipa nchi hiyo ya bara jina la moyo uliokufa. Kwa mara nyingine Gregory alikuwa ameipa nchi ya watu wengine jina lililodumu. Mwaka 1904 alihamia Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, alikofundisha hadi alipostaafu mwaka 1929. Katika maisha yake aliandika vitabu vipatavyo 20 na makala yapatayo 300.

Kurejea Mwaka 1919

Gregory alirudi Afrika Mashariki mwaka 1919, miaka 26 baada ya safari ya kwanza. Nchi aliyoikuta haikuwa ile aliyoiacha. Reli ilikuwa imefika Nakuru tangu mwaka 1900. Kutokana na mikataba ya mwaka 1904 na 1911, Wamaasai walikuwa wameondolewa katika malisho ya Naivasha, Nakuru na Laikipia, na ardhi hiyo ikawa mashamba ya walowezi. Njia ambayo wapagazi waliipita kwa majuma mengi sasa ilikuwa safari ya garimoshi.

Gregory aliendelea kuchunguza mawe. Huko Olorgesailie, kusini mwa bonde, aliona zana za mawe za binadamu wa kale, mahali ambapo Louis na Mary Leakey walikuja kuchimba katika miaka ya 1940. Mwaka 1921 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu jiolojia ya Afrika Mashariki. Humo alieleza kwamba bonde halikutokea kwa mshindo mmoja, bali kwa awamu nyingi ambamo kukatika kwa ardhi kulipishana na milipuko ya volkano.

Si wote waliokubaliana naye. E. J. Wayland nchini Uganda, na baadaye Bailey Willis wa Marekani, walidai kwamba bonde lilitokana na ardhi kubanwa, si kuvutwa. Ubishi huo ulidumu kwa miaka mingi. Ulipomalizika, katika nusu ya pili ya karne ya 20, ilibainika kwamba Gregory alikuwa na haki: ardhi inavutwa, na pande mbili za bonde zinaachana kwa milimita chache kila mwaka. Jambo la ajabu ni kwamba maelezo ya mwisho yalitokana na nadharia ya mabara yanayosogea, ambayo asili yake ni mawazo ya Alfred Wegener. Gregory mwenyewe hakuyakubali mawazo hayo. Aliamini zaidi kwamba kulikuwa na nchi kavu zilizozama baharini.

Ufa Katika Fikra Zake

Haitakuwa haki kuisifu kazi ya Gregory na kunyamazia upande wake mwingine. Mwaka 1925 alichapisha kitabu kiitwacho The Menace of Colour, ambamo aliyatazama mataifa yasiyo ya wazungu kama tishio, akatetea kutenganishwa kwa watu kwa misingi ya rangi zao. Mawazo hayo yalikuwa ya kawaida miongoni mwa wasomi wengi wa Ulaya wa wakati huo, lakini ukawaida wa kosa hauligeuzi kuwa sahihi.

Kinachotatiza ni kwamba Gregory hakuwa mtu wa kusikia habari za Waafrika kwa mbali. Alikuwa amekula nao, ameugua mbele yao na kuokolewa na ujuzi wao. Alikuwa na ushahidi wa kutosha wa akili na uaminifu wa watu hao 40 kuliko ushahidi aliokuwa nao kuhusu miamba ya Baringo. Mbele ya jiwe, aliacha ushahidi umwongoze hata ulipompeleka mbali na mawazo ya wengine. Mbele ya binadamu, aliyaacha mazoea ya jamii yake yamwongoze. Elimu ya kitu kimoja haimhakikishii mtu hekima katika kila kitu.

Kifo Chake na Urithi Wake

Kustaafu hakukumtuliza. Mwaka 1932 alisafiri hadi Peru kuchunguza milima ya Andes. Tarehe 2 Juni mwaka huo, mtumbwi wake ulipinduka katika maji ya kasi ya mto Urubamba, naye akafa maji akiwa na umri wa miaka 68.

Urithi wake ungalipo Nakuru na viunga vyake. Joto la chini ya ardhi, ambalo huja karibu kwa sababu ganda la dunia limevutwa na kuwa jembamba, limekuwa likizalisha umeme Olkaria tangu mwaka 1981, na visima vya mvuke vilianza kuchimbwa Menengai mwaka 2011. Maziwa nayo hayajatulia. Yapata miaka 10,000 iliyopita Nakuru na Elementeita zilikuwa ziwa moja kubwa, na tangu mwaka 2010 hivi maji ya Nakuru, Naivasha na Baringo yamepanda, yakameza mashamba, nyumba na barabara. Anayetaka kuyaelewa mambo haya hana budi kuanzia pale Gregory alipoanzia.

Hitimisho

Imebainika kwamba jina Bonde la Ufa lina historia, na kwamba historia hiyo ina watu wa aina mbili: mmoja aliyeandika na wengi waliobeba. Wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu wa pekee hapa. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya msafara wa mwaka 1893, lakini kitabu kilichotokana na safari hiyo hakikuandikwa kwa lugha hiyo. Jiolojia ya bonde hili inastahili kuandikwa kwa Kiswahili fasaha, ili mtoto wa Gilgil, wa Njoro au wa Marigat aisome ardhi anayoikanyaga kwa lugha anayoisema. Hali kadhalika, masimulizi ya wapagazi na ya wenyeji yafaa kutafutwa na kuhifadhiwa kwa bidii ileile ambayo Gregory aliitumia kukusanya mawe.